Ukitibiwa jeni, watoto hawatibiwi

Msimu wa korosho ukifunguka, kliniki yetu ya sikoseli hapa Mtwara hujaa maswali, maana pesa imeingia. Safari hii kaja mjomba wa kijana mmoja kutoka Newala, anashughulikia posa: "Daktari, kijana wetu ni SS, binti kapimwa ni AS. Lakini si kuna tiba ya jeni? Akitibiwa, watoto si watazaliwa wazima?"

Hapana, mjomba. Nimeshachoka kulijibu hili. SS ni mgonjwa wa sikoseli, karithi jeni yenye kosa (S) kwa baba na kwa mama; AS kabeba S moja tu, haumwi.

Casgevy, tiba ya jeni unayoisema, iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023, Marekani mwezi uliofuata. Seli shina za damu za mgonjwa zinavunwa, maabara wanakata kwa CRISPR, yaani mkasi wa kukatia jeni, kipande cha jeni ya BCL11A, kisha anarudishiwa kwa dripu. BCL11A ndiyo inayoizima himoglobini ya kichanga baada ya mtoto kuzaliwa. Ukiidhoofisha, himoglobini hiyo inarudi na chembe nyekundu hazijikunji ovyo. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walimaliza miezi 12 mfululizo bila kubanwa na maumivu makali. Kazi nzuri, sibishi.

Ila tazama kilichokatwa. Kosa la sikoseli lenyewe liko kwenye jeni nyingine kabisa, na halijaguswa! Limo hata ndani ya seli zilizorekebishwa. Mpime, S utaikuta. Mbegu zake za uzazi hazikupelekwa maabara yoyote, kwa hiyo kila mtoto atachukua S moja kwake, hakuna namna. Mama akiwa AS, kila mimba ni nusu kwa nusu kupata mtoto mgonjwa. Wanaume wa huku wamepita jando. Nani mwanawe alizaliwa ametahiriwa?

"Basi atibiwe binti." Binti haumwi, mjomba!

Tena kabla ya kurudishiwa seli, mgonjwa anapigwa busulfani kusafisha uboho, na dawa hiyo inaweza kukata uzazi moja kwa moja. Mtu anawaza wajukuu, kumbe huenda wasiwepo.

Mimi mwenyewe neno "kupona" linanikwama. Victoria Gray wa Mississippi, mmoja wa wagonjwa wa sikoseli wa mwanzo kupewa tiba hii, alitibiwa 2019, juzi tu. CRISPR inaweza kukata pasipotakiwa, na mkato wa namna hiyo unauona pale tu ulipochungulia. Ndiyo maana waliotibiwa wanafuatiliwa miaka 15.

Bei Marekani ni dola milioni 2.2, kwa mtu mmoja. Haidroksiurea, dawa ya vidonge ya sikoseli, nayo huipandisha himoglobini hiyohiyo ya kichanga, kwa kumeza tu, na wapo wanaokuja kuniulizia CRISPR huku dozi ya mwezi huu wameinywa nusu.