Kwa nini Freemason waliweka mawe ya msingi ya majengo makuu ya Marekani?

Tarehe 18 Septemba 1793, Rais George Washington alishuka kwenye msingi wa Capitol, jengo la bunge la Marekani, akiwa amevaa aproni ya Freemason, chama cha udugu chenye siri zake, akaweka jiwe la msingi. Umati ulikuwa ukitazama, mizinga ikapigwa, kisha ng'ombe dume mzima akachomwa na watu wakala. Wanaodai kwamba mambo hayo yalifanyika gizani hawajasoma habari za siku ile.

Aproni ni vazi la kazi la waashi wa mawe, na Freemason walitokana na vyama vya mafundi hao huko Uingereza na Uskoti. Ilipofika 1717, mwaka ambao Baraza lao Kuu lilianzishwa London, wanachama wengi walikuwa mabwana wasiojua hata kushika mwiko. Hata hivyo, zana za ufundi walibaki nazo kama alama. Katika sherehe zao jiwe hukaguliwa kwa kipimo cha pembe, pimamaji na timazi, kisha humwagiwa nafaka, divai na mafuta, ishara za riziki, furaha na amani.

Lakini kwa nini serikali iwaachie wao kazi hiyo? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu pengo lilikuwepo. Ulaya, jengo la dola lilizinduliwa na mfalme au kubarikiwa na askofu. Wamarekani walikuwa wamemkataa mfalme, na tangu 1791 katiba yao ilikataza dini rasmi ya taifa. Freemason walikuwa na ibada ya ujenzi iliyokwisha kamilika, isiyo ya kanisa lolote, na Rais mwenyewe alikuwa mwenzao tangu 1752. Ikulu nayo ilikuwa imewekewa jiwe hivyohivyo mwaka 1792. (Mawe yote mawili yametafutwa sana, hayajaonekana.)

Mwaka 1826 William Morgan, aliyetaka kuchapisha siri za chama, alitoweka huko New York. Hasira ya umma ilikuwa kubwa hadi kikaundwa chama cha siasa cha kuwapinga Freemason, na matawi mengi yakafungwa. Desturi ya mawe haikufa, hata hivyo. Mwaka 1848 waliweka jiwe la Mnara wa Washington kwa nyundo ileile ya 1793, na mwaka 1884 la kitako cha Sanamu ya Uhuru, ambayo mchongaji wake, Bartholdi, alikuwa Freemason pia.