Kisiwa cha Hashima hakikukimbiwa, kilifungwa

Majengo matupu huzushiwa hadithi upesi. Sisi wa Unguja tunalijua hilo kwa Kisiwa cha Changuu, ambacho wageni wengi huondoka wakiamini kuwa kilijaa wafungwa, ilhali gereza lililojengwa huko mwaka 1893 halikupata kufungia watu, bali mahali hapo pakageuzwa karantini ya abiria wa meli. Hashima, kisiwa cha makaa ya mawe kilichoko kama kilomita 15 kutoka Nagasaki nchini Japani, kimepatwa na jambo hilohilo, na picha za magorofa yake yaliyobomoka hufika kwenye simu zetu pamoja na maelezo yasiyo ya kweli.

Linalorudiwa sana ni kwamba wakaazi walikimbia bomu la atomiki. Bomu liliangushwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945, lakini uchimbaji wa Hashima uliendelea kwa miaka mingi baadaye, na watu wake walifikia kilele cha 5,259 mwaka 1959, wakiwa wamebanana kwenye hekta 6.3 tu. Kilichokimaliza kisiwa ni mafuta ya petroli. Katika miaka ya 1960 Japani iliyakumbatia mafuta, migodi ya makaa ikafungwa mmoja baada ya mwingine, na ya Hashima yaliyoweza kuchimbwa nayo yakawa yanakaribia kwisha. Kampuni ya Mitsubishi, iliyokinunua kisiwa mwaka 1890, ilifunga mgodi Januari 1974, na baada ya tarehe 20 Aprili hakubaki mkaazi hata mmoja.

Haraka hiyo ndiyo iliyowafanya watu wadhani palitokea balaa. Lakini nyumba zilikuwa za kampuni, ajira ilikuwa ya kampuni, mashamba hayakuwapo, na maji ya kunywa yalitoka bara, kwanza kwa boti, kisha kwa bomba lililolazwa chini ya bahari mwaka 1957. Kazi ikisha, mtu akae ale nini? Hata televisheni zilizoachwa vyumbani si ushahidi wa watu kutimua mbio, na aliyewahi kuhamisha samani kwa boti kutoka Mkoani, Pemba, hadi bandari ya Malindi, Unguja, atafahamu kwa nini familia huchagua cha kubeba na cha kuacha.

Wapo pia wanaosema magorofa yale yalijengwa ovyo. La hasha: jengo la ghorofa saba lililoanza kujengwa mwaka 1916 linahesabiwa miongoni mwa majumba makubwa ya mwanzo ya zege lenye nondo nchini humo. Kinachoyala ni chumvi, ambayo hupenya ndani ya zege hadi nondo zikashika kutu na kuvimba, zege likapasuka na kubanduka vipande vipande. Ndiyo kutu ileile inayowafanya mafundi wetu wakatae kuchanganya saruji na mchanga wa ufukweni.

Dhana inayoniuma kuliko zote imekuja kwa sura ya sifa, kwamba Hashima ulikuwa mji wa mfano wenye skuli, hospitali na sinema, ambamo kila mtu aliishi kwa raha. Vitu hivyo vilikuwapo, na waliokulia pale baada ya vita wana haki ya kuukumbuka utoto wao kwa mapenzi. Ila wakati wa Vita Vikuu vya Pili Wakorea na Wachina walipelekwa huko kwa nguvu na kuteremshwa kwenye mashimo yaliyopita chini ya sakafu ya bahari, katika joto na unyevu mkali, na wapo waliofia hapo. Anayewapitisha wageni Mkunazini, hapa Unguja, hawezi kuwasifia kanisa akanyamazia soko la watumwa lililokuwa hapo hadi lilipofungwa mwaka 1873, na Hashima haina sababu ya kusimuliwa vingine. Kisiwa kilipoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2015, pamoja na maeneo mengine ya viwanda vya kale vya Japani, mjumbe wa nchi hiyo alikiri mbele ya kamati ya urithi huo kwamba Wakorea wengi na watu wa kwengineko walifanyishwa kazi ngumu bila ya ridhaa yao katika baadhi ya maeneo hayo, akaahidi kwamba watakumbukwa. Mwaka 2021 kamati hiyohiyo ilieleza masikitiko makubwa kwamba ahadi hiyo ilikuwa bado haijatekelezwa kikamilifu.