Aprili 30 haikuwa siku ya kuzaliwa Beatrix
Kila Aprili, Waholanzi walioko ughaibuni huvaa nguo za rangi ya chungwa na kuuziana vitu vilivyotumika. Kwa miaka mingi watu wengi waliamini kwamba Sikukuu ya Malkia nchini Uholanzi, Aprili 30, ilikuwa siku ya kuzaliwa Malkia Beatrix. Sivyo. Beatrix alizaliwa Januari 31, 1938. Aprili 30 ni ya mama yake, Juliana, malkia aliyemtangulia, aliyezaliwa mwaka 1909. Beatrix aliposhika kiti cha enzi mwaka 1980, hakuibadilisha tarehe hiyo, kwa heshima ya mamaye, uamuzi ninaoupenda sana. Tena Januari ni baridi mno kupanga bidhaa barabarani. Tangu 2014 sikukuu hiyo husherehekewa Aprili 27, siku aliyozaliwa mwanawe Beatrix, Mfalme Willem-Alexander. Ikiangukia Jumapili, husogezwa Aprili 26.