Je, wajua stripu ya kupimia sukari huijuaje glukosi?

Nenda duka lolote la dawa pale Kondele, Kisumu, upimwe sukari. Utadungwa kidole, tone liguswe kwenye stripu, na baada ya sekunde chache mashine iandike, tuseme, 6.4. Damu ina chumvi, protini, mafuta na mengine chungu nzima. Glukosi, yaani sukari ya damu inayopimwa, imetambuliwaje peke yake?

Anayeitambua si mashine, ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali, kilichokaushwa ndani ya stripu. Kinachotumika sana ni glukosi oksidesi, kinachotokana na kuvu, Aspergillus niger. Hiki hakibabaiki: hata sukari ya chai, ile inayotokana na miwa ya Chemelil, hakiigusi mpaka kwanza ivunjwe itoe glukosi. Kikiipata glukosi, huichomoa elektroni mbili. Kemikali msaidizi huzipokea na kuzifikisha kwenye elektrodi, yaani kipande kinachopitisha umeme, mara nyingi cha kaboni, zikawa mkondo wa umeme. Glukosi ikizidi, mkondo nao huzidi. Mashine huupima huo, basi, na kuugeuza kuwa milimoli kwa lita.

Wazo hili lilianza Marekani mwaka 1962, kwa Leland Clark na Champ Lyons. Kipimo chao kilitegemea oksijeni, ambayo kiasi chake katika damu hupanda na kushuka. Mwaka 1984 watafiti wa Oxford na Cranfield, Uingereza, wakaonyesha kwamba ferosini, kemikali yenye chuma ndani yake, inaweza kuzibeba elektroni badala ya oksijeni. Kwangu mimi hiyo ndiyo hatua kubwa, maana ndiyo iliyotufungulia njia ya kujipima nyumbani.

Lakini kimeng'enya hakijui glukosi imetoka wapi. Ukimenya chungwa kisha ujidunge bila kunawa, kitaihesabu na ile iliyobaki kidoleni. Nawa, ukauke kabisa, kwa sababu maji nayo huzimua tone. Tena kimeng'enya ni protini, hivyo joto na unyevunyevu hukiharibu. Kopo la stripu lisiachwe wazi, wala ndani ya gari lililoanikwa juani.

La kuangaliwa zaidi huku kwetu magharibi mwa Kenya ni malaria, ambayo huleta upungufu wa damu. Seli nyekundu zikiwa chache, glukosi huifikia elektrodi kwa wepesi, na mashine isiyorekebisha hali hiyo husoma juu kuliko ukweli. Malaria kali yenyewe huweza kushusha sukari ya mtoto. Kwa hiyo namba ikionekana ya kawaida huku mtoto amelegea na viganja vimepauka, mhudumu aambiwe, na sukari ipimwe upya maabara.