Chungu cha kuyeyushia dhahabu na fedha: maana yake na namna ya kukichagua

Chungu cha kuyeyushia ni chombo kinachobeba madini ndani ya moto mpaka yawe maji, bila chenyewe kuyeyuka, kupasuka wala kuyachafua madini hayo. Sharti la mwisho ndilo linalosahaulika, kwa kuwa mnunuzi huuliza tu iwapo chombo kitastahimili joto. Fedha huyeyuka katika nyuzi 962 za Selsiasi na dhahabu katika nyuzi 1064, na vyungu vingi vya masonara hulimudu joto hilo; tofauti kubwa imo katika kile ambacho chungu hukifanya kwa madini.

Kwa dhahabu na fedha, grafiti, yaani kaboni nyeusi kama ile ya ndani ya penseli, inafaa sana. Hupitisha joto upesi, madini hayagandi kwenye kuta zake, na kaboni yake hupunguza oksijeni iliyo karibu. Kwa fedha faida hiyo ni kubwa, kwani fedha iliyoyeyuka hufyonza oksijeni kutoka hewani kisha huitema inapoganda, na kipande hutoka kikiwa na vitundu ndani na vipele juu. Hata hivyo kaboni huungua, kwa hiyo kuta hukonda kadiri chungu kinavyotumika, na shura (chumvi inayotoa oksijeni ikipata moto) ikitiwa ili kusafisha madini, huzila kuta hizo upesi zaidi. Kwa tanuri la gesi au la makaa ningeshauri chungu cha udongo uliochanganywa na grafiti, ambacho ni kigumu zaidi, ila kinapaswa kupashwa moto taratibu kwanza, maana hunyonya unyevu, na mvuke ulionaswa ukutani hukipasua.

Platini, inayoyeyuka katika nyuzi 1768, haitaki kaboni. Kaboni ikikutana na silika, iliyomo katika mchanga na udongo, katika joto hilo huzalisha silikoni, ambayo hata ikiwa kidogo hufanya platini ivunjike ovyo. Hapo hutumika zirkonia, ambayo ni kauri inayostahimili joto kali sana, au silika safi kwa kazi ndogo ya muda mfupi. Paladiamu, madini ya jamii ya platini, nayo hunyonya kaboni, hivyo dhahabu nyeupe iliyotiwa paladiamu ni heri iyeyushwe katika kauri.

Chungu kipya cha kauri huandaliwa kabla ya kutiwa dhahabu: hupashwa mpaka kiwe chekundu, hunyunyiziwa boraksi (unga mweupe wa chumvi unaoyeyuka kwa moto), kisha huinamishwa huku na huku kwa koleo hadi boraksi itande ndani kama kioo chembamba na kuziba vinyweleo. Bila utando huo, chembe za dhahabu hunasa ukutani, na kwa sonara hiyo ni hasara halisi. Kwa sababu hiyohiyo, kila aina ya madini iwe na chungu chake chenye alama, kwani mabaki ya fedha yakiingia katika dhahabu hushusha karati.

Kuhusu ukubwa, kwa ujazo uleule dhahabu huwa na uzito unaokaribia mara mbili ya ule wa fedha. Kwa hiyo chungu kikiandikwa kilo moja, muuzaji aulizwe ni kilo moja ya madini gani.