Je, Wajua Kwa Nini Uradi wa Ramadhani Hukatika Mfungo Mosi?

Ukikaa kwenye baraza lolote la Mji wa Kale, Mombasa, wiki ya pili baada ya Idi, utasikia lalamiko lile lile: safu za alfajiri zimepungua, na msahafu uliokuwa ukisomwa juzuu kwa siku sasa waenda kurasa mbili leo, kesho hakuna. Jawabu huletwa upesi kuliko kahawa: imani zimeshuka.

Mimi nilikuwa na jawabu langu, nikiliona la kitaalamu zaidi, na lilikuwa kosa. Niliamini kwamba jambo ukilifanya siku 40 mfululizo hugeuka mazoea, na ukikosa siku moja hesabu huanza upya. Nikatundika kalenda jikoni, kila nikimaliza uradi wa alfajiri, yaani kisomo changu cha kila siku, natia alama kwa kalamu nyekundu. Siku ya 23 nikapitiwa na usingizi, nikarudi moja. Mara ya pili nilifika 31, homa ikanilaza, nikarudi moja. Mara ya tatu sikurudi popote, na kalenda ikaishia kufungia mahamri.

Hiyo 40 niliitoa wapi? Nadhani kwenye darsa. Iko hadithi katika Tirmidhi, kutoka kwa Anas bin Malik, kuhusu anayeswali jamaa siku 40 akiiwahi takbira ya kwanza: huandikiwa kuepushwa na Moto na kuepushwa na unafiki. Wanavyuoni wamevutana kuhusu sanadi yake, yaani mlolongo wa waliyoipokea. Lakini hata ukiipokea bila neno, yazungumzia ujira. Haisemi kwamba siku ya 41 mtu atajikuta msikitini bila kujilazimisha. Nilichanganya thawabu na mazoea, vitu viwili ambavyo havikai chumba kimoja.

Iko na namba nyingine inayozunguka kwenye simu za watu, 21. Hiyo asili yake ni ya ajabu zaidi. Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliandika katika kitabu chake cha 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya, tuseme pua iliyorekebishwa. Neno “angalau” likadondoka njiani, na pua zikasahaulika. Leo utamsikia mtu akikuhakikishia kwamba tahajudi, swala ya usiku, itakuganda baada ya wiki tatu, na msingi wa maneno yake ni watu waliokuwa wakijitazama kwenye kioo.

Kipimo chenyewe kilikuja baadaye. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa siku 84. Kila mmoja alichagua jambo dogo la kila siku, kama kunywa maji au kula tunda, akalifunga kwenye tukio ambalo tayari lilikuwa katika siku yake, mfano chakula cha mchana. Kadirio la katikati la jambo kugeuka mazoea lilikuwa siku 66, lakini watu walitawanyika kuanzia siku 18 hadi 254. Hiyo 254 hakuna aliyeiona kwa macho, kwani utafiti ulikoma siku ya 84. Iliyobaki ni hesabu iliyoendelezwa mbele. Tena hayo yalitoka kwa watu 39 tu ambao takwimu zao zilikaa sawa na mchoro wa hesabu hiyo. Na glasi ya maji si juzuu ya Kurani. Kwa hiyo anayekutajia 66 kama sheria, mrudishe barazani akaanze upya, kama nilivyokuwa nikijirudisha mimi.

Lililo na maana kubwa kuliko namba ni lile neno “akalifunga”.

Mazoea ni kama dau. Ukilifunga kwenye nguzo ya gati, maji yapande yashuke, asubuhi utalikuta. Ukilifunga kwenye dau jingine linaloelea, yatakwenda pamoja. “Nitasoma nikipata nafasi” ni dau lililofungwa kwenye dau. “Nitasoma nikishatoa salamu ya alfajiri, kabla sijanyanyuka kwenye msala” ni nguzo. Akili haikumbuki uradi. Yakumbuka nguzo, na uradi huvutwa na kamba.

Sasa itazame Ramadhani kwa jicho hilo. Ni mwezi wa nguzo tupu: kelele za daku vichochoroni, adhana inayosubiriwa kwa tende mkononi, tarawehe ambayo nyumba nzima yaenda. Idi ikifika, zote hung'olewa usiku mmoja. Na sisi twahesabu miezi yetu kwa kuachana na Ramadhani: Mfungo Mosi, mwezi unaoifuata, kisha Mfungo Pili, mpaka Mfungo Tisa. Dau lililopotea Mfungo Mosi huenda halina kasoro yoyote. Lilifungwa kwenye daku, na daku hakuna tena. Simaanishi kwamba imani haipandi na kushuka. Ila hatuna haja ya kuanza nayo kila mara.

Katika hili Mombasa ina bahati ya kijiografia. Tuko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo macheo yetu mwaka mzima husogea kwa kama nusu saa tu, kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili u nusu. London mwezi wa Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja, na Desemba hungoja mpaka saa mbili asubuhi ipite. Muislamu wa huko nguzo yake yahamahama. Yetu imesimama, nasi twalala.

Na ile siku iliyokosekana? Mazoea yafikirie pia kama njia ya miguu kwenye nyasi. Hatua za mwanzo ndizo zilazazo nyasi nyingi. Baadaye kila hatua huongeza kidogo. Usipopita siku moja, majani hayasimami. Ndivyo ilivyoonekana kwenye utafiti ule wa Lally: kukosa mara moja hakukuharibu kitu cha maana. Sahihi Muslim ina hadithi kutoka kwa Omar bin Khattab, kwamba aliyelala bila kusoma hizbu yake, sehemu aliyojipangia ya kila usiku, akaisoma kati ya alfajiri na adhuhuri, huandikiwa kama aliyeisoma usiku. Kalenda yangu haikuwa na huruma hiyo. (Hapa nasema sunna, swala ya faradhi ikikupita ina hukumu zake.)

Bibi yangu wa Kibokoni nilimuuliza hufanyaje asisahau uradi wake. Akanitazama kama niliyeuliza njia ya kwenda jikoni kwake.

“Kwani mwanangu, wewe wasahau kuvaa viatu ukitoka?”

Nilipofika nyumbani nikagundua msahafu wangu uko wapi. Tangu siku ya Idi ulikuwa kabatini sebuleni, nyuma ya vikombe vya wageni, niliouweka mwenyewe ili watoto wasiuchezee. Sasa uko juu ya rehali, kando ya msala, umefunikwa kwa kipande cha leso. Mwezi uliopita nilikosa siku mbili, nilikuwa safarini Lamu.