Polisi wasiposhtaki, chuo nacho kifunge suala?

Wengi hudhani kwamba mwajiriwa akituhumiwa kumdhulumu mkewe na mwendesha mashtaka asimfikishe mahakamani, idara ya michezo ya chuo haina tena la kufanya. Si kweli. Mahakama hupima jinai. Mwajiri hupima mkataba wa kazi na wajibu wa kuripoti.

Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, kililijua hilo kwa kuchelewa. Kocha msaidizi wa futiboli ya Kimarekani alituhumiwa hivyo mwaka 2015, hakushtakiwa, akabaki kazini hadi Julai 2018. Wachunguzi walikuta kocha mkuu, Urban Meyer, na mkurugenzi wa michezo, Gene Smith, hawakuripoti tuhuma hizo kwa kuamini kuwa bila mashtaka hakuna wajibu. Wote wawili walisimamishwa kazi kwa muda. Meyer alikosa mechi 3. Kwangu, adhabu hiyo ni ndogo mno.